Nyota ya Burma ya babu: shajara ya kurekebisha karatasi za askari wa Keya

Naandika hatua kwa hatua kwa ajili ya wenzangu ambao babu zao walikwenda Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakarudi na karatasi yenye mapengo. Kazi imekula mwaka mmoja na miezi saba. Makosa karibu yote ni yangu, na ndiyo niliyoyapa nafasi. Nipo Iringa mjini, nina steshenari ndogo Miyomboni. Hilo la steshenari likumbukeni, litanitia hasarani mwezi wa tatu.

8 Januari 2023: Bati la biskuti

Baba mkubwa alinikabidhi bati siku ya Krismasi kule Kilolo, mbele ya watu, kwa hiyo pa kukataa hapakuwepo. "Wewe ndiye mwenye mashine," alisema. Ndani mna karatasi ya kuachishwa jeshi iliyokunjwa mara nne, medali mbili zisizo na utepe, bizimu ya mkanda, na stakabadhi za kodi ya kichwa zilizofungwa kwa uzi.

Karatasi inasema babu aliachishwa Machi 1946. Sehemu ya medali ina mistari miwili tu, tena kwa kalamu tofauti na ile iliyojaza sehemu nyingine: Medali ya Ulinzi na Medali ya Vita. Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu aliitwa bomani miaka kadhaa baada ya kurudi, akapewa medali, akarudi kwa miguu na akalala njiani. Hiyo kalamu ya pili ni ya siku hiyo.

Tatizo ni kwamba babu alipigana Burma. Watoto wote wa ukoo tulilelewa kwa habari za bonde la Kabaw, mvua isiyokatika, ruba, na daraja la Kalewa. Aliyepigana Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar, alistahili medali iitwayo Nyota ya Burma, na kwenye karatasi haipo. Wala Nyota ya 1939–45 haipo.

Nimesoma kidogo kuhusu tarehe, nazo zinaeleza kwa nini karatasi za wakati ule zina mapengo. Nyota ya Burma ilianzishwa Mei 1945. Masharti ya medali za vita ile kwa ujumla wake yalichapwa Juni 1946, na ugawaji ukaja kushika kasi 1948. Mtu aliyeachishwa Machi 1946 alikuwa ameshafika kwenye shamba lake la mahindi kabla wakubwa hawajamaliza kukubaliana nani apewe nini.

4 Februari 2023: Elfu themanini za bure

Nilielekezwa kwa bwana mmoja anayejulikana kwa "mambo ya Keya". Ana faili, ana mhuri, ana miwani. Alisema Waingereza wanalipa fidia kwa wajukuu, ila jina lazima liingizwe kwenye orodha, na kuliingiza ni shilingi 80,000. Nilitoa. Wiki ya pili akataka 120,000 za "kuisukuma". Nilipomwomba anionyeshe hiyo orodha, simu yake ikaanza kuwa haipatikani.

Mjue hivi: medali ambayo askari aliistahili na haikuwahi kutolewa, Uingereza huitoa bila malipo. Anayelipia ni yule aliyepewa ikapotea, akataka nyingine badala yake. Na medali haina uhusiano wowote na fidia. Mtu akichanganya hayo mawili katika sentensi moja, shika pochi yako.

11 Machi 2023: Nilichoifanya karatasi

Hapa ndipo penye kuniuma. Karatasi ilikuwa inakatika kwenye mikunjo. Mimi kila siku nawawekea watu vyeti vyao kwenye plastiki, kwa hiyo jioni moja nilipasha mashine, nikaipitisha karatasi ya babu. Ilitoka imenyooka, inang'aa kama leseni. Nikampigia baba mkubwa kujisifu.

Kesho yake nikaanza kuisoma kwa makini ili nijaze fomu. Namba ya batalioni iko pale pale mikunjo miwili inapokutana. Inaonekana 6, kisha KAR. Mbele ya 6 kuna kovu, karatasi imechubuka na wino umeondoka.

Karatasi ilipigwa kwa taipu, na herufi ya taipu huacha shimo dogo hata wino ukifutika. Ukizima taa, ukaiweka tochi ubavuni mwa karatasi, ukatazama kivuli, unasoma. Nimewahi kumsomea mteja risiti ya mwaka 1988 kwa njia hiyo. Lakini mashine yangu ilikuwa imepiga karatasi pasi kwa joto, mashimo yote yakalala, na juu kuna plastiki inayorudisha mwanga machoni. Plastiki ile ukijaribu kuibandua inatoka na wino.

Basi karatasi ya zamani msiiweke kwenye plastiki. Ipigeni picha kwanza, mbele na nyuma, mchana, kisha tochi ikiwa ubavuni. Halafu iwekeni kwenye bahasha ya khaki na kadibodi, mkatafute chai. Mashine yangu sasa ina karatasi ya manila imebandikwa juu: ULIZA UMRI.

29 Machi 2023: Ombi la kwanza

Nikajaza fomu ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kwa jina langu, mjukuu. Batalioni nikaandika 6 KAR, maana ndiyo iliyoonekana. Nikaambatisha picha za karatasi na cheti changu cha kuzaliwa, nikatuma, nikalala usingizi mzuri.

22 Mei 2023: Limerudi

Jibu limekuja kwa adabu, na kila walichosema kina haki.

Kwanza, mwombaji awe ndugu wa karibu zaidi aliye hai. Mjukuu hawezi kumruka mtoto, na baba mkubwa yupo, anapalilia viazi. Pili, jina la marehemu kwenye karatasi ya jeshi halifanani na la kwenye vyeti vyangu. Tatu, 6 KAR haikuwa Burma.

Hilo la tatu lilinikalisha chini. Nikasoma. Batalioni ya 6 ndiyo ya asili ya Tanganyika. Ilipigana Uhabeshi, na Sajini Nigel Leakey wa batalioni hiyo alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, kwa kitendo chake cha Mei 1941 pale Colito, ambako aliuawa. Ndiyo maana kambi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito. Leo inaitwa Lugalo, jina la hapa kwetu, pale Wahehe wa Mkwawa walipomvunja Zelewski na jeshi lake la Kijerumani tarehe 17 Agosti 1891. Nimepita mbele ya geti la kambi ile mara ngapi nikienda Mwenge, sikujua kwamba ubao wake umewahi kubeba vita viwili.

Batalioni za Tanganyika zilizokwenda Burma ziliundwa wakati wa vita. Za Tanganyika katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki zilikuwa mbili: ya 26 na ya 36. Nyingine, ya 46, ilikwenda na Brigedi ya 28. Zote zinaishia na 6. Tarakimu ya mbele, ile niliyoipiga pasi, ndiyo yenye kesi nzima.

Juni na Julai 2023: Kazi ya nyumbani

Kikao cha ukoo kilifanyika Kilolo. Agenda ilikuwa moja, masaa yakawa matano. Muhtasari unasema baba mkubwa ndiye mwombaji na mimi ni mwandishi wake. Nyama, soda na ulanzi vilikula shilingi 95,000, na nisingeshauri mtu abane hapo, kwa sababu shangazi zangu wawili walikuja wakiamini kuna fidia, wakaondoka wakijua hakuna. Hilo lina thamani yake.

Cheti cha kifo babu hakuwa nacho, alifariki 1994. RITA, wakala wa serikali wa usajili, husajili vifo vilivyochelewa. Nilihitaji barua ya mtendaji wa kijiji, mashahidi, na uvumilivu. Hapo sina la kusimulia.

Jina ndilo lililonizungusha. Jina la ukoo wetu lina h katikati. Karani wa jeshi aliandika bila h, kama alivyosikia. Mara ya kwanza nilikwenda kwa wakili nikitaka hati ya kubadili jina. Akacheka: "Marehemu anabadili jina saa ngapi?" Kilichotakiwa ni hati ya kiapo ya baba mkubwa, kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, shilingi 40,000. Ila kiapo kitupu hakitoshi, kinataka kitu cha zamani cha kuegemea. Babu alibatizwa Tosamaganga, na kitabu cha ubatizo kina jina lake na h yake, jina la baba yake, na kijiji. Jina la baba na kijiji ni yale yale yaliyo kwenye karatasi ya jeshi. Makarani wa Keya waliandika pia jumbe na kabila la askari, kwa hiyo ukilinganisha usiangalie jina tu, angalia mistari yote mitano kwa pamoja. Mimi nilichora jedwali dogo, kushoto jeshi, kulia kanisa. Nadhani jedwali lile lilisaidia kuliko kiapo.

19 Agosti 2023: Karatasi ya jirani

Kwa miezi miwili nilikuwa naishika karatasi ya babu dirishani. Mwanga ukipita nyuma, kovu linaonekana jembamba zaidi sehemu ya chini, na wembamba huo umepinda. Mbili ina kitako kilichonyooka, tatu ina kitako cha mviringo, nne haina kitako. Mimi niliona tatu. Mke wangu aliona mbili. Kijana wangu wa dukani aliona uchafu.

Nilikuwa nimemaliza mbinu za steshenari, ndipo baba mkubwa aliposema, katikati ya habari za mbolea, kwamba babu hakwenda kuandikishwa peke yake. Walikwenda wanne. Watatu walirudi. Mmoja wao nyumba yake iko ng'ambo ya mto.

Tulikwenda tukiwa na sukari kilo mbili. Mwenye nyumba ni binti wa yule askari, bibi wa miaka kama themanini. Kamwene, kamwene, habari za watoto, za mifugo, za mvua, na mpaka tufike kwenye karatasi chai ilikuwa imeshapoa. Aliitoa kwenye Biblia. Haijakunjwa hata mara moja. Mumewe alikuwa mwalimu.

Namba ya askari wa baba yake na ya babu zinalingana, isipokuwa tarakimu ya mwisho: yake inaishia 3, ya babu inaishia 5. Na pale penye batalioni, kwa taipu safi kama ya jana: 36 KAR.

Bibi aliuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia nahesabu.

Namba kufuatana kunaonyesha tu kwamba waliandikishwa pamoja. Watu wa foleni moja waliweza kugawanywa. Kwa hiyo sikuiandika kama uthibitisho, nimeandika kwamba inaunga mkono kinachoonekana dirishani. Nilipiga picha yake hapo hapo mezani, tochi ubavuni. Alipoona nimetoa bahasha akaniuliza kama nataka kuondoka nayo. Nikamwambia hapana, hii bahasha ni ya kwako, iwekee humu. Na usimpe mtu akuwekee plastiki.

7 Oktoba 2023: Kew

Binamu yangu anaishi Reading. Nilimwomba aende Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyopo Kew, magharibi mwa London. Kadi ya msomaji ni bure, na kupiga picha kwa simu yako ni bure. Shajara za vita za vikosi vilivyopigana Asia ya Kusini-Mashariki zipo katika kundi la WO 172. Alikaa siku nzima, akanitumia picha mia na kitu, akakataa nauli. Nilimpelekea asali kwa mtu.

Sikutegemea kuona jina la babu, na sikuliona. Lakini sikuwa tayari kwa namna ambavyo halimo. Katika kurasa alizonipigia, ofisa ana jina na cheo, hata akiugua homa. Askari ni AOR, kifupi cha Kiingereza cha Mwafrika asiye ofisa, na mbele yake kuna tarakimu. AOR wawili wamekufa. AOR watano wamejeruhiwa. Siku inayofuata, mvua, gari limekwama.

Kwa kazi yetu, hata hivyo, zilitosha. Mwendo wa divisheni unajulikana: iliingia bonde la Kabaw kutoka Tamu mnamo Agosti 1944, katikati ya masika ya kule, malaria na tifasi ya vichakani vikiangusha watu. Ikashuka bondeni, na tarehe 2 Desemba ikaichukua Kalewa, kwenye mto Chindwin. Siku chache baadaye wahandisi wakamaliza daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa, la futi 1,154, kama mita 350, refu kuliko yote ya aina hiyo kwa wakati ule. Babu alikuwa akisema lilikuwa refu kutoka kanisani hadi dukani. Nimepima kwa simu, ni mita 340. Nimeacha kubishana na marehemu.

30 Oktoba 2023: Ombi la pili

Mwombaji baba mkubwa. Batalioni 36 KAR, pamoja na aya moja inayokiri kwamba ombi la kwanza liliandika 6 na kueleza kwa nini. Viambatisho: karatasi ya babu, mbele, nyuma na dirishani, karatasi ya jirani kwa ruhusa yake, jedwali la majina, kiapo, cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa cha baba mkubwa, muhtasari wa kikao, kurasa nne za shajara ya batalioni. Zaidi ya hapo ni kumchosha msomaji. Nilitaka kuweka na habari za Kabaw alizosimulia babu, baba mkubwa akasema hizo ni zetu.

Nakala ngumu kwa posta, 68,000. Saini ya baba mkubwa ilirudiwa mara tatu kwa sababu ya baridi, siyo yake tu, na ya kalamu.

14 Mei 2024: Jibu

Nyota ya Burma: imekubaliwa. Kwa jeshi la nchi kavu, kuingia katika eneo la mapigano la Burma kulitosha.

Nyota ya 1939–45: haikukubaliwa. Hii inataka siku 180 za utumishi wa mapigano, na siku za babu zinazothibitika ni kuanzia Agosti mpaka divisheni ilipoondolewa kupumzishwa India baada ya Kalewa. Nimehesabu kwa kalenda mara mbili. Hazifiki. Angeumia vitani na utumishi wake ukaishia hapo, hesabu ingekuwa tofauti. Angekuwa kweli 6 KAR, akapigana Uhabeshi kabla, zingefika. Alipata malaria mara tatu, akapona, akaendelea kutembea, basi.

Nilikuwa nimemwahidi baba mkubwa nyota mbili. Nilimpigia nikiwa nimejiandaa kwa maelezo marefu. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo Burma wamekubali alikwenda?" Nikasema wamekubali. Akasema mahindi yameanza kukauka, nije na magunia.

9 Agosti 2024: Kifurushi

Imefika posta Iringa katika kiboksi kidogo. Ni nyota ya pembe sita, ya shaba ya njano, katikati ina taji na herufi za Mfalme George wa Sita. Utepe una bluu nzito kwenye kingo, nyekundu pana katikati, na mistari ya rangi ya chungwa ndani ya bluu.

Kuhusu "kurekebisha kumbukumbu": karatasi ya 1946 yenyewe haiguswi. Marekebisho ni ile barua ya kukubali. Nimetoa nakala tatu. Moja iko nyuma ya karatasi ya babu, ndani ya bahasha ya khaki, moja kwa baba mkubwa, moja nimempelekea bibi wa ng'ambo ya mto, maana baba yake naye hana nyota kwenye karatasi na sasa njia ipo. Ombi lake tumeanza wiki iliyopita, karatasi yake haina hata kovu.

Hesabu mpaka leo: bwana wa mhuri 80,000; safari nne za Kilolo 64,000; kikao 95,000; vyeti na ubatizo 30,000; wakili 40,000; asali 25,000; posta 68,000. Jumla shilingi 402,000. Medali yenyewe, sifuri.

Baba mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akatafuta. Nyuma ni tupu, laini kama sahani. Akaangalia ukingoni. "Jina liko wapi?"

Nikamweleza kwamba Waingereza hawakuchonga majina kwenye medali za vita ile walizotoa kwa watu wao na kwa Keya. Na kwamba wanaokusanya medali husema ukichonga unaharibu. Akaniuliza hao wanaokusanya ni akina nani kwetu.

Fundi wa makombe ya mpira pale mjini anachonga kwa shilingi 1,000 kila herufi. Aliniuliza niandike jina kama lilivyo kwenye karatasi ya jeshi, ambalo ni fupi na nafuu, au kama lilivyo kwenye kitambulisho changu. Nikampigia baba mkubwa, simu ikiwa kwenye spika, mashine ya fundi ikinguruma.

Nimelipa na elfu moja ya h.